Siku Hengstler Alipokuja Kuomba Ruhusa

Hodi ilipigwa mlango wa mbele. Ardis Lindevig akaweka chini kisu cha kukatia pai, akamtazama binamu yake.

"Nani huyo anagonga kule?"

Tangu anunue ile nyumba kwa mjane Oleson, mlango wa mbele haujawahi kufunguliwa. Kwa ndani umeegemezwa magunia ya chakula cha mbwa na mashine mbovu ya kufulia. Katika vilima vile vya Wisconsin mtu mwenye akili zake huingilia jikoni, akapangusa viatu, akamiminiwa kahawa. Mlango wa mbele hugongwa na polisi, na wauza dini, na mtu ambaye maishani mwake hajawahi kumhitaji jirani.

Lavern akasogeza pazia kwa kidole. Alikuwa kapera wa siku nyingi, tumbo limemtangulia, na ile kofia yake ya rangi ya chungwa haivui msimu mzima wa kuwinda, hata mezani.

"Toba! Ni Royce Hengstler. Na magwanda yake yote. Dada, leo jua limetokea wapi?"

Ardis akasogea dirishani, akachungulia naye. Hodi hiyo alikuwa ameingoja tangu utotoni.

Sheria ya nchi ile ni tamu kuisoma: kulungu ni mali ya wananchi wote. Ila ardhi anayosimama juu yake ina mwenyewe. Kwa hiyo maskini ana haki kamili juu ya kulungu anayeruka hewani, na haki hiyo inakwisha kwato zikigusa chini. Wasomi wameikalia sheria hiyo kizazi baada ya kizazi na hawajaona haya.

Baba yake Ardis, Torvald Skogen (Lindevig ni jina alilolipata kwa ndoa), alikuwa kibarua wa kiwanda cha jibini, hana ardhi hata ya kuzikia paka. Kila vuli, kabla msimu haujafunguliwa, aliosha pikapu, akanyoa ndevu, akavaa shati la kanisani, akaenda kuomba mahali pa kuwinda. Kuna namna ya kuomba. Huendi na nguo za kuwindia, maana utaonekana umeshajipa ruhusa mwenyewe. Bunduki unaiacha nyumbani. Unaanza na habari za ng'ombe na mvua. Mambo ya kuwinda unayataja mwisho, kama vile umeyakumbuka ghafla. Ukikubaliwa, kiangazi unamkazia mwenye shamba seng'enge zake bila kuambiwa, na ukipata nyama unampelekea soseji.

Vuli moja mjane Oleson alimruhusu. Torvald akampiga kulungu vizuri kabisa kwenye kichaka cha mjane, lakini mnyama akajikaza, akaruka seng'enge, akafia upande wa Hengstler, karibu kiasi cha kuonekana masikio. Torvald akaenda kugonga mlango wa jikoni wa Hengstler, kofia mkononi, Ardis, mtoto bado, nyuma yake. Hengstler alikuwa anakula pai na wageni wake wa mjini. Hakuwaambia wakae.

"Njoo kesho," alisema. "Nitafikiria."

Kesho yake alikuwa bado anafikiria. Torvald alipokwenda tena, Hengstler akawageukia wageni akasema mtu asiye na ardhi anunue nyama dukani. Wakacheka. Torvald akasimama penye seng'enge akatazama chakula cha watoto wake kikiliwa na mbweha na kunguru. Majira yale ya baridi walikula viazi na uji wa shayiri. Hakugonga tena mlango wa mtu mpaka anaingia kaburini.

Wapo watu wanaopenda kusema mambo ya zamani yaachwe. Ukichunguza utakuta ni wale walioshiba siku hiyo.

Ardis akafungua dirisha. "Zunguka nyuma!"

Hengstler akazunguka. Alikuwa mzee sasa, lakini mzee wa kunyooka, uso mwekundu, koti jipya, bunduki begani. Pikipiki yake ya magurudumu manne aliiacha inanguruma langoni.

"Bibi," akasema, salamu hakuna. "Nimempiga dume kule juu kwangu. Amevuka seng'enge kaingia kwako. Naenda kumchukua. Nimepita tu kukujulisha."

"Kunijulisha."

"Ujirani mwema."

"Kwa hiyo hukuja kuomba?"

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Siyo hiyo hiyo, Mzee. Na hiyo bunduki begani, umekuja kuzungumza au kuvamia benki?"

Kahawa ikampalia Lavern.

Hengstler akatupa macho kwenye miti. Dume lile alilijua. Alikuwa amelilisha mahindi vuli kadhaa, amelipiga picha kwa kamera za kufunga mitini, na kiangazi kizima kule baa alikuwa anawachosha watu kwa kusimulia pembe zake. Sebuleni kwake palikuwa na nafasi tupu ukutani, taa imeshafungwa juu yake.

"Ukitia mguu bila ruhusa yangu," Ardis akasema, "namba ya askari wa wanyamapori ile pale ukutani. Nasikia mnafahamiana. Umemwita mara nyingi kuwakamata wenzio."

"Theluji inaanza. Itafunika damu."

"Basi usichelewe. Nenda nyumbani, vua hayo magwanda, vaa shati la kanisani. Urudi bila bunduki, tuanze upya."

"Unanifanya mtoto?"

"Mtoto angeshajua kuomba."

Hengstler akatema mate kwenye ngazi, akaondoka kwa kelele za pikipiki. Lavern akajikatia kipande cha pai.

"Harudi huyo."

"Atarudi."

"Akirudi utampa?"

"Nataka kwanza asimame hapo," Ardis akasema, akionyesha kipande cha sakafu karibu na mlango. "Hapo hapo. Sisi tukila."

Akarudi kweli. Shati jeupe, tai, viatu vya kanisani vinang'aa, nywele amezilaza kwa maji. Akagonga mlango wa jikoni, akaingia, akasimama pale pale alipotakiwa. Ardis akamkatia Lavern kipande kingine, akajikatia na cha kwake. Hakuna aliyemwambia mgeni kuna kiti.

"Ng'ombe wako... wazima?" Hengstler akaanza. Maneno yalimtoka kama mtu anayetafuna mchanga.

"Sina ng'ombe. Naendesha lori la maziwa. Maziwa yako mwenyewe nayabeba mimi."

Hengstler akamkodolea macho. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuinua shingo atazame nani yuko kwenye usukani.

"Mvua je?" Lavern akamsaidia, mdomo umejaa. "Usisahau mvua, Mzee. Inakuja baada ya ng'ombe."

"Naomba ruhusa," Hengstler akasema, mashavu yanachezacheza. "Niingie nimchukue yule dume. Tafadhali."

Tafadhali! Ardis aliisikia ikishuka kifuani kama kahawa ya moto wakati wa baridi. Hapo ndipo alipomsimulia. Alimsimulia kila kitu bila kupandisha sauti: kulungu penye seng'enge, wageni wa mjini, njoo kesho, mbweha, viazi. Jina la baba yake hakulitaja. Alitaka Hengstler alitaje mwenyewe.

Hengstler akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akainua mabega.

"Walikuwa wanakuja wengi, bibi. Kila vuli wapo mlangoni. Siwezi kumkumbuka kila mmoja."

Ardis alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alijiandaa hata kwa machozi, jinsi ya kuyatazama bila kulainika. Kusahauliwa hakujiandaa nako. Mtu alikula utoto wake akafuta mdomo, na wala hakumbuki alikula nini.

"Njoo kesho," akasema. "Nitafikiria."

"Kesho hakuna damu wala alama! Sikiliza. Nitakuruhusu uwinde kwangu kule juu. Wewe na huyu mnene. Msimu mzima."

"Kesho, Mzee."

"Wewe mwanamke una roho mbaya."

"Ninayo. Nimeilea mwenyewe."

Alipotoka hakufunga mlango. Baridi ikaingia na chembe za theluji zikayeyuka sakafuni pale alipokuwa amesimama. Lavern akaweka uma chini. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu pai ilikuwa bado haijaisha.

"Haya, umemaliza," akasema. "Na nyama inakwenda kwa mbweha, kama ile ya mjomba Torvald. Sasa niambie, wewe na yule tofauti yenu ni nini? Shati?"

"Nyamaza, Lavern."

"Sinyamazi. Mjomba hakulilia pembe. Alilia nyama. Mimi nilikuwepo wakati wa vile viazi, dada, nilivila na mimi. Hasira yako siigusi, ni halali yako, lakini nyama!"

Ardis akautazama mlango ulioachwa wazi. Kisha akainuka, akavaa fulana ya rangi ya chungwa, akachukua bunduki kwenye kona.

"Kama amekufa tutamwita askari aamue nyama ni ya nani," akasema. "Lakini kwangu hataoza mnyama. Beba kamba."

Damu waliipata chini ya mierezi, nyeusi, imechanganyika na majani yaliyosagika. Lavern akaigusa, akanusa kidole, akatikisa kichwa. Hengstler alikuwa amepiga tumboni. Wakateremka polepole kufuata matone ambayo theluji ilikuwa inayazika moja moja, mpaka kijitoni.

Dume lilikuwa limelala ukingoni, miguu ya mbele majini. Likainua kichwa likawatazama. Pumzi ilikuwa inatoka puani kama moshi.

Lilikuwa hai. Muda wote ule wa shati, wa tai, wa pai na wa ng'ombe wazima, lilikuwa hai, limelala hapa na matumbo yake. Hilo lilimchoma Ardis mahali ambapo hakutarajia. Alikuwa amemkusudia mtu mmoja tu, na aliyelipa kwanza alikuwa huyu. Akainua bunduki, akalipiga shingoni, na kichwa kikalala juu ya mawe.

Huko kwao mnyama ni wa aliyemwangusha akalala, hata kama mwingine amemjeruhi. Leseni Ardis alikuwa nayo, lebo ya kibali cha dume mmoja ilikuwa mfukoni haijatumika, ardhi ilikuwa yake. Akaifunga ile lebo kwenye pembe.

"Huyo ni wangu!"

Hengstler alikuwa juu, upande wake wa seng'enge, na lile shati jeupe, hana koti. Mlio wa bunduki ulikuwa umemtoa mbio kutoka alikokuwa amekaa kuvizia.

"Wako ulimwacha hai, Mzee!"

"Ulinizuia wewe!"

"Nilikuambia kesho. Hukutaka kungoja?"

Hengstler akaweka kiatu kimoja juu ya waya, kile cha kanisani. Lavern akakohoa kwa adabu, akatoa simu mfukoni. Kiatu kikarudi chini.

Ardis akapiga magoti, akampasua mnyama. Joto la matumbo likampanda usoni. Alifanya kazi yake bila haraka, na huku nyuma sauti ya mzee ilikuwa inateremka bei. Kwanza alidai mnyama mzima. Halafu nusu. Halafu akasema nyama chukueni, niachieni kichwa. Halafu pembe tu. Halafu akaomba apige picha naye.

"Picha moja!" akasema. "Wewe, bibi! Huyo baba yako aliitwa nani? Niambie jina lake. Nitakwenda makaburini, nitasema chochote unachotaka."

Ardis akafuta kisu kwenye theluji. Jina la Torvald Skogen hakumpa, maana angelitumia kununulia pembe.

Wakafunga kamba, wakaanza kumburuta mnyama kuteremka kuelekea barabarani. Hengstler akawafuata sambamba upande wake, seng'enge katikati, akiteleza na kushikilia miti, suruali imelowa hadi magoti. Hakuweza kurudi nyumbani na hakuweza kuvuka. Aliwafuata vile vile mpaka seng'enge ikaishia langoni kwake, na pale barabarani pikapu zilikuwa zimeegeshwa kama kawaida ya siku ya kwanza ya msimu, wanaume kwa wanawake wa kiwanda cha jibini wakinywa kahawa na kudanganyana juu ya kulungu waliowakosa kidogo tu.

"Mama wee! Tazameni pembe hizo! Nani kapiga?"

"Mimi," Ardis akasema.

Wakamzunguka, wakampiga mabega, wakashika pembe. Kisha mmoja akamwona mzee akijitokeza kwenye lango lake.

"Mzee Hengstler! Umependeza kweli. Kuna maziko?"

Wakacheka. Hengstler akafungua mdomo, akaufunga. Ardis alimwona akipima. Ili amdai kulungu wake ilikuwa lazima aseme alivyompiga vibaya, kisha aseme amekwama wapi, kisha aseme amevaa vile kwa nini. Akachagua kunyamaza.

Ardis hakumwachia hata huo unyamavu.

"Alikuja kwangu kuomba ruhusa," akasema.

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyekuwa pale ambaye hajawahi kusimama jikoni kwa Hengstler, au baba yake kusimama. Vikombe vikateremshwa. Wakamgeukia wote kwa pamoja, na sasa hawakuwa wakiangalia tai.

"Hengstler? Kuomba?" mwanamke mmoja akauliza taratibu.

"Kwa shati hilo hilo unaloliona. Na tafadhali juu yake."

"Ukampa?"

Ardis alikuwa amedhani siku ya siku hasira itapoa. Haikupoa, ilikuwa ndiyo kwanza inaketi mezani. Akakaza kamba kwenye pikapu ya Lavern, akapangusa damu mikononi, akamtazama mzee hadi yeye akatazama chini.

"Hebu uliza tena, dada," akasema. "Kwa sauti. Mzee wetu hasikii vizuri."