Mfuko wa Vifaa wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alitaka mfuko mmoja tu wa vifaa, unaoingia chini ya kiti cha lori bila kumgusa visigino. "Usinifungashie gereji nzima, dada," alisema. "Nakwenda kushusha saruji, sihami." Mimi ni fundi wa malori, hapa gereji wananiita Mama Spana, na sipendi kufundishwa kazi na dereva, hata awe wa tumbo moja nami.

Nikachagua vifaa kwa uchoyo. Spana nane zinazofungua kweli, si seti ya kung'aa ya kuonyeshea wageni. Bisibisi, koleo, waya, kipande cha hosi ya upepo na vibanio vyake. Kila kimoja nilikiviringisha kwa kitambaa kikuukuu kisigongane na mwenzake. Nyundo iligoma kuingia mpaka nilipoipunguza mpini. Nilijiona fundi hasa.

Kisha nikaenda uani, nikausukuma mfuko chini ya kiti; ulienea sawasawa. Lori lilikuwa limeshapakiwa, na nyuma ya tairi kulikuwa na jiwe.

Sikulipenda lile jiwe. Lori hili lina breki za upepo: upepo ukiisha, springi zinabana magurudumu zenyewe, nalo haliendi popote. Jiwe la nini tena? Nikalala chali, nikaingia uvunguni. Kwenye magurudumu yote manne ya nyuma, springi za breki zilikuwa zimevutwa na kufungwa kwa bolti ndefu zisibane tena, ile hila ya kulisogeza lori bovu mpaka gereji basi. Bolti zenyewe zilikuwa zimeganda vumbi na grisi ya miezi.

Nikamwita. Alikuja anafuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Tangu lini?"

"Upepo unavuja, dada. Breki zikibana njiani nalala porini siku mbili. Tajiri mwenye lori anasema atanunua vali mwisho wa mwezi."

"Mwezi upi?"

Akajitia hamnazo, akautazama mfuko chini ya kiti. "Umetoka vizuri kweli."

"Na upepo ukiisha mteremkoni?"

"Nina gia."

Hasira ilinipanda nikaona giza. Tani thelathini za saruji, na bwana ana gia! Na mimi nimekaa asubuhi nzima namviringishia spana ili lori bovu lizidi kwenda. Kadiri mfuko wangu ulivyokuwa mzuri, ndivyo tajiri alivyokosa sababu ya kulitengeneza.

Nikachomoa spana mfukoni, nikarudi uvunguni.

"Dada, usifanye hivyo. Watoto watakula nini?"

Nilifungua bolti zote nne, moja moja, nikazitia mfukoni mwa ovaroli. Alipowasha lori, upepo haukujaa, na magurudumu hayakusogea hata kidogo.

Tajiri alikuja akafoka, akamwachisha mdogo wangu kazi, akapiga simu mbele yetu. Saa nane akafika dereva mwingine, kijana mwembamba, mcheshi. "Shikamoo mama," akaniambia, kisha akatoa bolti zake nne mkobani na kuingia uvunguni huku anapiga mluzi. Nilichuchumaa nikamweleza kila kitu: uvujaji, mzigo, mteremko.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," nikamwambia.

"Mama, sote tunaendesha hivihivi," akajibu bila kusimamisha kazi. Alipomaliza, alinishukuru kwa mfuko uliokuwa chini ya kiti. Sikuwa na nguvu ya kuuondoa.

Lori likatoka getini. Mdogo wangu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hana kazi, mzima wa afya.

"Umefurahi sasa?" akaniuliza.

Nilitaka kusema hapana. Lakini nilikuwa nimefurahi, nimefurahi kweli, huku nikimsikia yule kijana wa watu akibadilisha gia kuelekea mteremkoni.