Tutamwambia Tukimsindikiza

Kijiji kizima cha Kwapa, huku Uganda mpakani, kilijua kwamba ile sofa nyekundu ni ya mzee Etyang. Imekaa kwenye posa za watu, imekaa kwenye ubatizo, imekaliwa na askofu na wagombea ubunge watatu, na kesho yake asubuhi hubebwa kichwani kurudishwa kwa mwenyewe. Haijapata kutokea hata siku moja mtu akamwambia mgeni, "Hiyo unayokalia si ya hapa." Nani angethubutu? Mgeni hupewa kizuri, hata kama kizuri chenyewe kimetoka kwa jirani wa tatu. Huko si kudanganya, jamani, huko ni kuwa na adabu. Na mgeni mwenye akili zake anajua hivyo, kwa sababu naye kwake hufanya vilevile.

Shida ilianzia hapo. Anjeline alidhani kila mgeni anajua.

Anjeline huyu ni mjane, mkunga wa kienyeji, na mwenyekiti wa akina mama waliojijengea nyumba ya kuzalia kwa matofali waliyoyafyatua na kuyachoma wenyewe. Msidhani ulikuwa mchezo. Ilikuwa miaka sita! Kila mwanamke matofali ishirini kwa wiki, mwingine ana mtoto mgongoni, mwingine ana mimba tumboni, na wote wametoka kupalilia mihogo. Mwishowe wakapata mabati, wakapata mlango, nyumba ikasimama na vyumba vyake viwili. Na ndani? Ndani hamna kitu. Mkeka mmoja, mabeseni mawili, na taa ya kuchaji iliyokufa betri. Wanawake walizalia mkekani, Anjeline kapiga magoti sakafuni, na macho yake siku hizi yana ukungu.

Mwaka juzi alizalia humo Marion, mke wa Fidel, mtoto wa pekee wa Anjeline. Kichanga kilitoka kimekufa, kisha damu ikafuata na ikakataa kukata. Anjeline alimaliza leso zote za nyumbani, akavua hata aliyojifunga. Marion alipona kwa huruma ya Mungu tu. Baadaye nesi mmoja wa Tororo alimwambia Anjeline bila kumung'unya maneno, "Mama, huyu akishika mimba tena usithubutu kumzalisha peke yako. Anataka mkunga aliyesoma, mwenye ile sindano ya kukata damu, na awe karibu. Asipokuwa karibu utamzika."

Sasa ilikuwa Machi, na Marion alikuwa na mimba ya miezi sita. Fidel alikuwa Malaba akishusha mizigo ya malori, nyumbani anakuja Jumapili. Marion alishinda na mama mkwe wake, na wawili hao walipendana hadi watu wakawa wanawatania kwamba Fidel ndiye aliyeolewa.

Basi siku moja akaja Oboth, bwana wa shirika moja la Tororo, na habari ya kumfanya mtu aruke. Wakunga wawili wanakuja kutoka Ulaya kujitolea, watakaa mwaka mzima, pamoja na dawa zao na vifaa vyao, hata hiyo sindano. Lakini watawekwa mahali pamoja tu, ama hapa Kwapa ama Lumino, kijiji cha mbali. Dada mmoja anaitwa Becky atakuja kutazama kote kuwili aone wapi pana shida zaidi.

Masikini Anjeline! Katika maneno yote hayo, lililomwingia sawasawa ni kwamba mgeni anakuja.

Alipanda boda mpaka Busia kwa Hasifa, rafiki yake tangu enzi zile walipouza mitumba pamoja pale mpakani. Hasifa sasa ana duka la vitanda na magodoro. Hakuuliza maswali mawili.

"Unataka vitanda vitatu? Chukua nne, dada. Wallahi mgeni wako ni mgeni wangu. Ila usitoe nailoni kwa magodoro, itarudi dukani."

Ekaju mwenye kliniki akawaazima kitanda cha kuzalishia na mzani wa watoto, kwa sharti kwamba virudi kabla ya saa kumi. Kanisa likatoa mapazia na taa ya sola. Sofa ya mzee Etyang ikaja yenyewe, karibu niseme, maana hata kuombwa haikuombwa. Siku ya mgeni ile nyumba iling'aa hadi akina mama wakawa wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka, wanacheka kama wasichana. Miaka sita ya udongo na moshi, na siku hiyo ndiyo waliiona jinsi walivyoiota. Hata mimi nisingewanyima furaha hiyo.

Becky akafika, mrefu, mpole, Kiswahili amejifunzia ng'ambo ya Kenya, kila neno limepigwa pasi. Alipoingia ndani aliweka mkono mdomoni.

"Haya yote mmeyafanya wenyewe?"

"Sisi wenyewe," alisema Anjeline, na hakusema uongo, maana alidhani anaulizwa habari za kuta.

Becky akapiga picha vitanda. Akapiga picha mzani. Akapapasa nailoni ya magodoro, akasema ni vizuri sana, ni rahisi kupangusa. Akaandika. Kisha akakaa kwenye sofa, akawatazama akina mama mmoja mmoja, akauliza lile swali alilotumwa kuuliza.

"Mnahitaji nini? Shida yenu kubwa ni ipi?"

Macho yote kwa Anjeline. Hebu nawe niambie, mgeni hajanawa, hajaonja hata chai, wewe unaanza kumlilia shida? Utakuwa mtu wa namna gani?

"Shida iko wapi, mwanangu?" Anjeline alisema akitabasamu. "Sisi nashukuru Mungu. Kwanza kula."

Marion ndiye aliyeleta maji ya kunawa. Becky akaliona tumbo, akaomba ruhusa, akaliwekea kiganja. "Anacheza vizuri," akasema, na Marion akacheka kwa haya. Lakini kule jikoni, akipakua kuku, alimshika mama mkwe wake mkono.

"Mama, mwambie."

"Ngoja. Tutamwambia tukimsindikiza."

Kwetu ndivyo ilivyo. Neno zito halisemwi kitini. Mgeni anakula, anashiba, anaaga, mnatoka naye mkitembea polepole mpaka barabarani, na huko, mkiwa mmetazama mbele wala si usoni, ndiko mtu anakohoa na kusema lililomleta au lililomkaa moyoni. Mahari yameombewa njiani. Ugomvi wa mashamba umeishia njiani. Anjeline alikuwa na maneno yake tayari tangu Jumatatu: kwamba vitanda ni vya kuazima, kwamba ndani mna mkeka tu, kwamba huyu uliyemshika tumbo atakufa mikononi mwangu. Alikuwa amepima hata mwendo. Kutoka mlangoni, kupita mihogo ya jirani yake Obore, mpaka barabara kuu, nafasi ipo ya kutosha.

Lakini mawingu yalikuwa yamefunika mwamba wa Tororo. Oboth akalileta gari hadi mlangoni, akawa anahimiza, "Twende, twende, njia itakuwa tope." Becky akamkumbatia kila mtu, Anjeline mara mbili, akaingia, mlango ukafungwa. Gari likaondoka.

Anjeline akalifuata. Kwanza kwa kutembea, halafu mbiombio, mwanamke wa miaka sitini na tatu, gauni lake la gomesi la Jumapili kalishika kwa mkono mmoja na mwingine ameuinua juu. Becky akatoa kichwa dirishani, akacheka kwa furaha, akapunga mkono hadi gari likapotea kwenye mihogo.

Hata saa kumi haijafika, watu wa Ekaju wakaja kuchukua kitanda.

Baada ya wiki tano simu ikalia. Oboth, sauti juu juu.

"Mama, hongera! Mmesifiwa! Becky ameandika Kwapa ni mfano wa kuigwa. Wale wakunga wanakwenda Lumino, kule amekuta watu wanazalia chini."

Anjeline alikaa palepale kwenye kizingiti. "Hata sisi nazalia chini," akasema.

"Eti?"

Kesho yake alikwenda Tororo. Oboth akamgeuzia kompyuta aone picha. Vitanda vinne, mzani, taa, mapazia. Anjeline alijaribu kueleza, Oboth akamkatiza kwa mkono.

"Mama, karatasi zimeshakwenda. Unataka niwaandikie nini? Kwamba mlimdanganya? Wataweka jina la Kwapa mahali pabaya, hamtapata hata panadol."

"Sisi hatukumdanganya. Tulimkaribisha."

"Mimi naelewa. Nimezaliwa hapahapa. Wao nitawaelezaje?"

Na kweli alielewa, ndicho kinachonikera mpaka leo. Oboth alikalia ile sofa siku hiyo akijua fika ni ya nani, kwa maana alipoposa mke viti vyote vilikuwa vya watu. Alijua, akanyamaza, kwa kuwa picha zilitoka nzuri na wakubwa walifurahi. Neno lile la kudanganya lilimchoma Anjeline kupita kiasi. Akaona aibu, akaondoka bila kuomba namba ya Becky. Hilo nalo alijilaumu baadaye, usiku na mchana.

Nyumbani wakapanga kwamba majuma mawili kabla ya siku zake Marion atahamia kwa shangazi yake Tororo, awe karibu na hospitali. Fidel akaanza kuweka akiba ya safari. Ulikuwa mpango mzuri. Ila mtoto hakuujua.

Uchungu ulianza Juni, mapema kwa wiki tatu, saa sita mchana, mvua inanyesha tangu alfajiri. Mwenye boda alikuja akatazama njia, akasema kijito kimefunika daraja, wangoje kipungue. Wakangoja. Anjeline akatandika mkeka. Mtoto wa kike akatoka analia, kwa sauti ya nguvu, na kwa dakika moja hivi akina mama wakapiga vigelegele.

Halafu damu ikaja. Anjeline akaijua hata kabla hajaiona, kwa joto lake magotini. Akakanda tumbo, akakanda, akamweka mtoto kwenye titi kama alivyofundishwa, akasokota leso, akaita leso nyingine. Mikono yake ilifanya kila kitu ilichokijua. Haikutosha.

"Mama," Marion akasema polepole, "Lumino ni mbali?"

"Ni mbali, mwanangu."

"Mbali sana?"

Walimpakia kwenye boda katikati ya Anjeline na dereva, wakavuka kijito maji yakiwa kiunoni, wanaume wanne wameshika pikipiki. Upande wa pili, kabla ya lami, kichwa cha Marion kikamlalia Anjeline kifuani na kikawa kizito. Anjeline aliendelea kumsemesha mpaka Tororo. Dereva alijua, wala hakumwambia kitu.

Msiba ukaazimiwa vitu kama ilivyo kawaida. Sofa ikaja. Hasifa akaja na lori la magodoro kwa ajili ya waliolala matanga, na safari hii alichana nailoni mwenyewe kwa meno, godoro moja baada ya jingine, huku analia. Habari za kurudisha dukani hakuzitaja.

Siku ya maziko Becky akaja kutoka Lumino, alikokuwa na wale wakunga. Alikuwa amesikia kwamba aliyefariki ni yule dada aliyemletea maji ya kunawa. Alilia kilio cha kweli, hilo lazima niseme. Mvua ilipozidi watu wakafungua nyumba ya kuzalia ili wajikinge, naye akaingia nao. Akaona mkeka. Akaona mabeseni mawili.

Gari lake lilikuwa limeachwa barabara kuu kwa sababu ya tope. Alipoaga, Anjeline akamfunga mjukuu wake mgongoni, akatoka naye. Wakatembea polepole. Wakaipita mihogo ya Obore.

"Mama," Becky akauliza, "vile vitanda vilikwenda wapi?"

"Ilirudi kwa wenyewe. Ilikuwa ya Hasifa. Ile ingine ya Ekaju. Sisi tuliazima, juu ya mgeni."

Becky akasimama. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa njiani. Kwetu, neno kubwa tunaambia mgeni tukimsindikiza. Siku ile wewe ulikwenda na gari."

Becky akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Nilikuona. Ulikuwa unakimbia nyuma yetu. Nilidhani unanipungia mkono."

"Hapana, mwanangu," akasema Anjeline. "Nilikuwa nakuita."

Mtoto akaanza kulia mgongoni kwa njaa. Anjeline akageuka, akarudi nyumbani kumtafutia maziwa.