Isipokuwa

Marlys Kubicek alikuwa na mazoea ya kusoma miswada ya sheria kuanzia nyuma. Wenzake kwenye taasisi yao ya utetezi wa sera walimcheka. Yeye hakujali. Miaka sita ya kuitaka serikali ya jimbo iondoe mikono yake kwenye shughuli za watu ilikuwa imemfundisha kwamba muswada hauuawi hadharani. Unauawa kwenye ukurasa wa mwisho, kwa neno moja: isipokuwa.

Alimfundisha hivyo Orrin Stadel, mkulima wa ngano wa Kaunti ya Tamblin, siku ya kwanza alipoketi jikoni kwake.

"Mzee Orrin, wakikupa karatasi, achana na maneno matamu ya mbele. Geuza. Tafuta isipokuwa. Hapo ndipo wanapoficha kisu."

"Kama kununua trekta mnadani," Orrin alisema. "Wenzangu wanatazama rangi. Mimi nalala chini yake kwanza, nione linavujia wapi."

Trekta halikuwa kitu pekee alichowahi kununua mnadani. Ghalani mwake kulikuwa na gari la wagonjwa, jeupe, matairi mapya, machela imefungwa vizuri. Vijana wawili wa hapo hapo, wenye vyeti vya huduma ya dharura, walikuwa tayari kuliendesha. Lakini sheria ya jimbo ilidai kwanza cheti cha haja: bodi iridhike kwamba watu wanaihitaji huduma hiyo, na kampuni iliyotangulia ipewe nafasi ya kupinga. Kampuni ya kaunti ya jirani ikapinga. Bodi ikaandika: haja haijathibitishwa. Miezi minne baadaye Verna, mkewe Orrin, akaanguka kando ya jiko. Gari la kampuni lilifika baada ya dakika hamsini na mbili. La ghalani lilikuwa hatua sitini kutoka mlango wa jikoni, limebandikwa karatasi ya zuio la jimbo kwenye kioo.

Ndiyo maana Februari ile, theluji ikiwa imefika magotini, Orrin aliendesha pikapu kwa saa nne mpaka makao makuu ya jimbo kutoa ushahidi mbele ya kamati iliyokuwa ikijadili muswada wa Marlys wa kulifuta sharti hilo. Kila shahidi alipewa dakika tatu, na taa ndogo mezani ya kumhesabia: kijani, manjano, nyekundu.

"Naitwa Orrin Stadel," alisema. "Bodi yenu ilisema hakuna haja. Haja ilikuwa inaitwa Verna."

Kisha akakaa akiwatazama mmoja mmoja mpaka taa ikawa nyekundu.

Walipotoka kwa mapumziko, Seneta Tibbets, mwenyekiti wa kamati, alimvuta Marlys kando, penye bomba la maji ya kunywa.

"Dada, umeniletea mzee wa kuniliza asubuhi yote hii. Hongera."

"Sikumleta akulize, mheshimiwa. Nimemleta upige kura."

"Kura ninazo. Nikiongeza hiki tu." Akampa karatasi iliyokunjwa.

Sharti la cheti cha haja linafutwa kwa huduma zote za afya, isipokuwa magari ya wagonjwa.

"Hilo ndilo gari lake," Marlys alisema.

"Najua. Na kampuni ile ina marafiki watatu kwenye kamati yangu. Leo ni siku ya mwisho ya kamati kupitisha miswada. Bila maneno hayo, saa sita mchana muswada wako unakufa. Ukiyakubali, kliniki, mashine za figo, nyumba za wazee, vyote vinafunguka. Au unataka vife vyote kwa ajili ya gari moja? Una dakika kumi."

Marlys alimkumbuka mwanamke mmoja wa kaskazini aliyesafiri maili mia na kumi, mara tatu kwa wiki, kwenda kusafishwa damu. Hoja ya Tibbets ilikuwa na ukweli, na ukweli huo ndio uliomchoma. Lakini alijifikiria yeye mwenyewe pia: miaka sita ya kushindwa, na wakurugenzi wa taasisi wakimuuliza kila Krismasi ameshinda nini.

Hakumaliza dakika kumi. Hata tatu hakumaliza.

"Weka," alisema.

Kura ilipita. Orrin alikuwa chini kwenye mgahawa, mbele ya bakuli la maharage ya nyama na pilipili. Alikuwa amemwekea Marlys mkate wa mdalasini, umefunikwa kwa karatasi.

"Kula, binti. Umekonda kama waya wa fensi."

"Imepita, mzee."

Orrin akafunika uso kwa viganja vyake vipana, mabega yakatikisika. Sehemu iliyobaki ya sentensi ilikuwa mdomoni mwa Marlys. Akaimeza pamoja na mkate.

Mwezi wa Aprili gavana alitia saini. Alitumia kalamu kumi na mbili kwa jina moja, kama ilivyo desturi, na kila kalamu akampa mmoja wa waliosimama nyuma yake. Ya nne ilikuwa ya Orrin. Alivaa suti aliyomzikia Verna. Wakati mpiga picha anapanga watu, Orrin alichukua nakala ya sheria mezani, na Marlys akamwona anaigeuza nyuma.

Kidole kikashuka taratibu, kikasimama.

"Ulilijua hili lini?"

"Siku ile ile. Kabla ya mkate."

"Na ukala."

"Mzee, wangeua muswada wote. Kuna watu wengi mno ambao..."

"Najua wapo. Ungeniuliza, pengine ningekubali. Verna angekubali, alikuwa mwema kunishinda." Kwa kalamu ya gavana akalizungushia lile neno duara, kisha akamkabidhi Marlys karatasi na kalamu. "Nimelala chini ya kila trekta, binti, isipokuwa lako."

Akatoka.

"Jamani, sogeleaneni," mpiga picha alisema, "hapo kuna pengo."

Wakasogeleana.

Januari iliyofuata Marlys aliandika muswada wa mstari mmoja, wa kuyafuta maneno yale. Tibbets alimpa siku ya kusikilizwa na kumwambia asitarajie kitu. Marlys akapiga simu Tamblin.

"Mzee Orrin, ni Marlys. Safari hii ni mstari mmoja tu. Nakuhitaji mbele ya kamati."

Upande wa pili upepo ulikuwa ukivuma.

"Gari nimeuza. Wa vyuma chakavu wamelivuta juzi."

"Bado wangekusikiliza."

"Binti," Orrin alisema, bila hasira, "mimi nilishatumia dakika zangu tatu."

Simu ikakatika. Marlys akavuta fomu ya mashahidi na kuandika jina lake mwenyewe. Chini yake fomu iliuliza shahidi anaifahamu vipi sheria hii.

Akaandika: niliikubali.