Milango ya Mji wa Liuxi

Tao Shouyi alikuwa akila uji wa mchele, ameegemea komeo la lango la mashariki alilokuwa akililinda, watu wa mji wa jirani walipofika nje. Wamongolia walikuwa wamewachomea mji. Walikuja na watoto mgongoni, na masufuria, na wengine na bata. Lakini liwali wa Liuxi alikwisha kusalimu amri, na sharti la kwanza la Wamongolia lilikuwa asipokewe mkimbizi hata mmoja.

Dada yake Shouyi, Huiniang, aliyeolewa katika mji huo wa jirani, alimtambua kwa kikohozi chake.

"Shouyi, mdogo wangu, ni mimi. Fungua kidogo tu nikupitishie mtoto."

Shouyi alikibana kikohozi. Akaendelea kula uji, kwa kuwa hakujua mikono yake aipe kazi gani nyingine. Jioni wapanda farasi waliwasili, na nje kukawa kimya.

Kulipokucha lango lilikutwa wazi. Walilifunga, likafunguka taratibu, kama mwenyeji aonaye mgeni. Kufikia adhuhuri hakukuwa na mlango uliokubali kufungwa mjini, wala dirisha, wala banda la kuku. Seremala alibadilisha bawaba, akasema mbao hazina kasoro, akanywa chai akaenda zake. Watu wakatundika mapazia na kuwafunga kuku miguu. Sababu hakuna aliyeiuliza. Ruan, mkewe Shouyi, alianza kulala akiwa amemgeuzia mgongo.

Mwaka ule mambo yalikwenda mbio. Majira ya kuchipua, mfalme mtoto wa nasaba ya Song aliwakabidhi Wamongolia muhuri wake katika mji mkuu, Lin'an, na kalenda ikabadilishwa. Liwali alibaki yuleyule, ila kofia ilikuwa mpya. Afisa wa Kimongolia aliyepita kukagua alifurahi kupita kiasi. Alisema mji usiofunga milango ni mji wenye moyo safi, akamtunuku Shouyi jora la hariri. Shouyi alilipokea kwa mikono miwili, akainama. Ruan hakulishona wala hakuligusa.

Majira ya mpukutiko, vita vilipokolea kusini, habari zilifika kwamba wakimbizi wengine wako njiani.

"Safari hii nitatoka kuwalaki," Shouyi alimwambia mkewe.

"Haya," alisema Ruan. "Nenda."

Walifika mchana kweupe. Lango lilikuwa wazi, na liwali hakuwa ametoa amri yoyote. Watu wa Liuxi walitoka majumbani mmoja mmoja, mwokaji na unga wake mikononi, mfua nguo na mikono iliyolowa, wakasimama langoni bega kwa bega, safu nyuma ya safu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Shouyi alipofika, palikuwa pamebaki nafasi ya mtu mmoja katikati ya safu ya mbele.

Bibi kizee mmoja, aliyekuwa amembeba mjukuu wake, aliitazama nafasi ile, kisha akamtazama yeye.

"Nipishe, mwanangu."

Shouyi aliuhisi uso wake ukiwaka moto hadi masikioni. Akapiga hatua, akaingia katika nafasi ile.

"Samahani, mama," alisema. "Hapa pamejaa."

"Sogeeni," mtu alisema nyuma yake, kwa sauti ya kawaida. "Huku bado upepo unapenya."

Wakasogea.