Gramu Sabini na Tano

Wateja walimwita Bi Gramu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kabla hajaja, kahawa ya mkahawa ule ilikuwa bahati nasibu: leo nzito kama lami, kesho maji ya kuoshea vikombe. Akajinunulia mizani ndogo ya kidijitali. Wiki ya pili ikamponyoka ikaanguka kwenye sinki, na tangu hapo ikawa mwongo. Ukiiwekea kilo ya sukari, ilisema kilo na robo.

Mwingine angeitupa. Yeye alipima, akaonja, akapima tena, mpaka ulimi ulipotosheka, kisha akaandika kwenye daftari namba aliyoisoma kwenye kioo cha mizani: gramu sabini na tano za kahawa kwa jagi moja la maji. Mizani ikidanganya uongo uleule kila siku, kazi inakwenda.

Alipokaribia kujifungua, alimwombea nafasi yake wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa amekaa mwaka mzima bila kazi. Akamfundisha, akamwachia mizani na daftari. Habari ya ule uongo hakumwambia. Haikuwa na haja. Wifi mwenyewe alikuwa mtu wa chai, kahawa hata harufu yake hakuipenda.

Miezi mitatu ikapita. Bi Gramu akarudi na aproni yake iliyopigwa pasi. Mwenye mkahawa, waliyemwita Mzee Tai kwa sababu hakuivua tai hata akipiga deki, alishtuka kumwona.

"Mama, si umesema hurudi? Wifi yako kaniambia mtoto hana mtu wa kumlea. Nimeshamwajiri moja kwa moja."

Wifi alikuwa anasuuza kikombe kilichokwisha kuwa safi. Hakuinua uso.

Asante ya punda! Bi Gramu alihisi kifua kinawaka. Lakini angepiga kelele mbele ya wateja, ungekuwa ugomvi wa mawifi, na ugomvi wa mawifi hauna hakimu. Akanyoosha mkono, akachukua mizani.

"Hii ni yangu, nilinunua mwenyewe. Daftari baki nalo, wifi. Ukilifuata hukosei."

"Asante, wifi. Mungu akuzidishie."

"Amina," alisema Bi Gramu, na alimaanisha.

Siku hiyohiyo Mzee Tai akanunua mizani mpya, mizani mkweli. Wifi akapima sabini na tano za kweli, akamimina jagi lilelile. Kahawa ikawa chungu kama dawa ya minyoo, na kwa kuwa alipima vizuri, uchungu haukupungua hata siku moja.

Wiki haijaisha, simu ikalia.

"Wifi, wateja wanakunja nyuso."

"Unapima?"

"Napima, wifi."

"Sabini na tano?"

"Kamili."

"Basi usipunguze hata gramu. Watazoea."

Alikata simu akacheka mpaka mtoto akashtuka kifuani. Mumewe akainua macho kutoka kwenye gazeti. "Kuna nini?"

"Dada yako anajifunza kazi," alisema.

Kila habari ya mteja aliyehama aliipokea kama zawadi. Wiki ya sita Mzee Tai akabisha hodi mlangoni kwake, tai imebana shingo.

"Nimemwachisha kazi. Njoo Jumatatu. Mama, nimemwambia mara tatu apunguze kahawa, kagoma. Anasema wifi yake ndiye aliyeandika, na wifi yake hakosei. Nikamwambia nitamfukuza. Akasema bora nimfukuze kuliko alichezee daftari lako."

Bi Gramu alihisi kitu kinamchoma chini ya ubavu. Akakumbuka kile kikombe kinasuuzwa, na ule uso usioinuka, na kile kitu kikatulia. "Jumatatu nitakuja," alisema.

Kesho yake wifi akaja, macho yamevimba, daftari amelifunga kwenye kitambaa safi. Akaketi ukingoni mwa kiti.

"Wifi, nilikukosea. Nilisema uongo, shida ya kazi ilinitia wazimu. Sikuombi unirudishe. Nieleze tu niliharibu wapi, ili nikipata pengine nisirudie. Nilifuata kila kitu."

Neno moja lingetosha. Bi Gramu alikuwa nalo mdomoni, na mizani yenyewe ilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka pale walipokaa. Alimtazama mwanamke yule aliyemtumia mwanawe kumnyang'anya kazi, akaona yeye mwenyewe bado hajashiba kisasi.

"Hukuharibu popote, mdogo wangu," alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Ni mkono tu. Kahawa ina watu wake. Wewe hukujaliwa."

Wifi akageuza viganja vyake juu, akavitazama kimoja kimoja, akaamini.