Mguu wa Gaudiosa

Mguu wa Gaudiosa ulianza kuuma mwezi wa tatu, Jumapili moja baada ya misa, wakati Kokwijuka anaongea na mama yake kwenye simu na maneno yamemwishia.

"Wenzako hawajambo?" mama aliuliza kutoka Rubya.

"Hawajambo, isipokuwa Gaudiosa. Ameteleza kwenye ngazi za hosteli. Mguu umevimba, ukiuona utadhani mgomba."

"Maskini! Mguu gani?"

Kokwijuka aliitazama miguu yake mwenyewe, akalinganisha, akachagua wa kushoto. Wiki hiyo mama akaenda kwa padre kumwombea Gaudiosa misa.

Tatizo la mguu huo lilikuwa moja tu: mwenye mguu hakuwepo. Gaudiosa hakuwepo, Agnetha anayekoroma hakuwepo, na Vestina anayesali rozari mpaka anasinzia naye hakuwepo. Hata hosteli yenyewe, kwa upande wa Kokwijuka, haikuwepo. Alikuwa anaishi Rwamishenye, kwenye chumba cha uani cha nyumba ya shangazi yake. Mwaka wa kwanza wa chuo alikaa hapo na shangazi, maisha yakawa mazuri. Halafu shangazi akahamia Mwanza, nyumba kubwa wakaingia wapangaji wenye watoto sita na redio mbili, Koku akabaki uani na ndoo yake. Mama aliposikia shangazi ameondoka alikuja juu: "Usilale peke yako huko mjini, mwana wange. Omba hosteli." Koku akaomba. Akanyimwa, maana vyumba ni vya mwaka wa kwanza kwanza, nyie wakubwa mtajijua. Lakini mama alipopiga simu, akamwambia amepata, tena chumba cha watu wanne. Alisema hivyo ili mama alale. Mama akalala. Tangu hapo Koku ndiye hakulala vizuri.

Na kwa kuwa mama alijua wako wanne, akaanza kulisha wanne. Kila baada ya wiki mbili mkungu mzima wa ndizi unashuka na hiace kutoka Rubya, na maharage juu. Ndizi za watu wanne haziliki na mtu mmoja, hata awe na bidii vipi. Koku alimenya, akapika, akala, akala tena, na bado zikaiva mbele ya macho yake. Alikuwa akipika kwenye sufuria ndogo ya chai, ndizi tano tu, akakaa kitandani na kula huku anasikiliza wapangaji wanavyogombana juu ya redio ipi izimwe. Nyumbani kwao chakula hutandazwa kwenye jani la mgomba, watu wakalizunguka, ukichelewa unakuta upande wako umeliwa. Rwamishenye hata achelewe mpaka kesho, upande wake upo, na pande nyingine zote pia zipo.

Chuoni sasa, ungemkuta ungesema huyu ndiye mwenye chuo. Koku hapiti mahali bila kuacha watu wanashika mbavu. Mhadhiri akikohoa, yeye anajua kukohoa vile vile. Kila mtu alikuwa rafiki yake mpaka saa kumi na moja jioni, watu wanapoelekea hosteli na yeye anaelekea getini.

Mwaka wa tatu ulipoanza, Jumatatu moja ya Novemba, likabandikwa tangazo: vyumba vichache vimebaki kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Vitatolewa kwa makundi ya watu wanne wanne, fomu moja, sahihi nne. Mwisho Ijumaa, saa kumi jioni.

Koku alilisoma mara mbili. Watu wanne! Akipata chumba hicho, uongo wote utageuka ukweli kimya kimya, bila mtu kuumia. Alikuwa bado anahesabu nani na nani, Evelyne akaja nyuma yake na wenzake wawili. Evelyne alikuwa anakaa naye dawati moja tangu mwaka wa kwanza.

"Koku, wewe una kundi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema sina. Lakini walikuwepo watu kama kumi mbele ya ule ubao, na watu kumi kwa Koku ni ukumbi.

"Mimi? Makundi yananifuata kama senene wanavyofuata taa! Nimeanza kuzima."

Wakacheka. Evelyne alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akaondoka na wenzake.

Jumatano Koku alimfuata kantini. Alikuwa amejiandaa kusema, amejisemesha njia nzima kutoka Rwamishenye, lakini alipomkuta mdomo ukaenda na njia yake.

"Evelyne, nichukueni bwana. Mimi sina gharama, hata ndani ya ndoo nalala."

"Acha hizo, Koku. Tumeshajaa. Tumemchukua yule dada wa Karagwe."

"Hata hamkuniambia?"

"Tulikuuliza! Jumatatu, mbele ya ubao. Si ulisema makundi yanakufuata?"

"Nilikuwa natania."

Evelyne aliacha kutafuna. Alimwangalia kidogo. "Sasa Koku, sisi tutajuaje siku ambayo hutanii?"

Koku akaenda kwa Annastella wa darasa lao, naye akasema kwao wamejaa, kisha akaongeza kwamba walidhani watu watamgombania. Wote walidhani hivyo. Kila kundi lilimwachia kundi jingine.

Alhamisi hiace ikaleta mzigo. Safari hii juu ya ndizi kulikuwa na vifurushi vinne vya kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni akikaribishwa nyumbani. Mama alivifunga kwa majani makavu ya mgomba, kila kimoja na kikaratasi cha jina, kwa mwandiko wake wa darasa la saba: Kokwijuka. Agnetha. Vestina. Gaudiosa. Koku alivipanga kitandani, yeye akakaa sakafuni kuwapisha.

Ijumaa saa tisa na nusu alifika kwenye ofisi ya mlezi wa hosteli, vifurushi vikiwa kwenye mkoba kwa sababu hakujua aviache wapi. Mlezi aliitwa Mama Rutashobya, mwanamke wa miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Aliipokea fomu dirishani.

"Naona sahihi moja. Wengine wako wapi?"

Koku alifungua mdomo. Angesema wako njiani, mmoja anaumwa mguu. Badala yake akasikia sauti yake ikisema, "Sina, mama. Niko peke yangu."

Mama Rutashobya hakucheka. "Kaa hapo kwenye benchi na mwenzako. Saa kumi nitajua la kufanya."

Kwenye benchi alikuwepo msichana mrefu mwenye sweta, anasoma karatasi ya tangazo kama vile ina ukurasa wa pili. Alisema anaitwa Ephrasia, wa Kamachumu. Aliumwa akaahirisha mwaka mzima, na aliporudi wenzake wote wameshamaliza chuo. "Darasani hata sijui nikae wapi," alisema. "Kila kiti kina mwenyewe."

Koku hakuwa na utani wa kumjibu. Alisema tu, "Mimi kiti ninacho. Ninachokosa ni pa kwenda baada ya kiti."

Wakakaa. Hakuja mwingine. Saa kumi Mama Rutashobya alichungulia. "Wawili. Chumba kimoja kimebaki, na sheria ni wanne. Nawasubiri mpaka Jumatatu saa sita mchana. Baada ya hapo nampa mwingine, msije kunililia." Akafunga dirisha.

Simu ya Koku ikaita. Alikuwa mama.

"Mzigo ulifika? Wenzako wameipenda kahawa?"

Koku aliuangalia mkoba. Ukumbi ulikuwa mtupu, umebaki yeye na Ephrasia anayejifanya hasikii.

"Mama. Hakuna Gaudiosa. Hakuna hata mmoja. Naishi Rwamishenye, uani kwa shangazi. Peke yangu."

Upande wa pili jogoo aliwika.

"Najua," mama akasema.

"Shangazi amekwambia?"

"Nani aniambie? Wasichana watatu wanalala chumba kimoja na mwanangu, wanakula ndizi zangu mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba simu anisalimie! Hata awe amefunzwa vibaya vipi. Na wote watatu? Nikasema hapana, hawa hawakuzaliwa."

"Na misa uliyomwombea Gaudiosa?"

"Padre aliniuliza jina la mgonjwa. Nikamtajia lako."

Koku aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkoba. Ndani yake kahawa ilikuwa inanukia kama jikoni kwao.

"Kwa nini uliendelea kuleta za wanne, mama?"

"Ningeleta za mmoja, ningekuwa nimekubali. Hapo ulipo kuna mtu?"

"Yuko mmoja. Nimemjua sasa hivi."

"Mpe simu."

Ephrasia aliipokea kwa mikono miwili. Akapiga goti kidogo, ingawa aliyekuwa anamsalimia alikuwa Rubya, akasalimia kwa Kihaya, salamu ndefu yenye waitu nyingi za heshima, ya kuuliza mchana, na nyumba, na migomba, na mvua. Ilichukua muda. Koku akatoa vifurushi, akakivua kimoja kikaratasi chake, akamwekea Ephrasia mapajani.

Ephrasia alirudisha simu, uso umekunjamana. "Mama yako ameniuliza mguu wa kushoto unaendeleaje. Nimesema vizuri. Nimekosea?"

Koku alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati, akajifuta pua na kiganja.

Ephrasia alikuwa amefikia kwa ndugu zake, mtaa wa Kashai, na ilibidi awahi. Walipeana namba, akapanda bodaboda na kahawa yake shavuni. Koku alirudi kwenye ubao wa matangazo. Hapakuwa na mtu. Alichana karatasi ya daftari, akaandika:

Tunatafuta wenzetu wawili wa chumba, wasichana, mwaka wa tatu. Kabla ya Jumatatu saa sita. Kokwijuka na Ephrasia.

Akaweka namba yake chini. Aliisoma, kalamu ikiwa bado mkononi, akitafuta pa kuchomeka utani. Nafasi ilikuwepo, pembeni kabisa. Akafunika kalamu, akabandika karatasi, akachukua mkoba wenye kifurushi chake na viwili ambavyo havina mwenyewe, akaelekea getini.