Shangazi Kwenye Maonyesho

"Vua hiyo ngozi twende."

"Twende wapi?"

"Popote. Vua kwanza, inanuka."

"Hata shikamoo hujanipa, unaniamuru nivue nguo mbele za watu. Huko kwenye godauni lenu ndivyo mnavyofundishana?"

"Shikamoo, shangazi. Haya, vua."

"Marahaba. Sivui."

Watu nyuma ya kamba wakacheka. Mmoja mwenye kofia ya mkeka akapiga makofi, akamwambia mwenzake kwamba mwaka huu wameleta na mchezo wa kuigiza, na huyu kijana anaigiza vizuri sana, mpaka mishipa ya shingo inaonekana. Laurian akamwangalia yule mtu kwa namna ambayo makofi yalikatika katikati. Halafu akamgeukia tena shangazi yake Felista, dada wa baba yake, mwanamke aliyemlea tangu meno ya utotoni, akiwa amekaa chini kwenye mlango wa tembe, nyumba ya udongo ya kizamani iliyojengwa kwa maonyesho, miguu ameinyoosha, jiwe la kusagia mbele yake, mwili umepakwa mafuta mpaka inzi wanateleza.

Wiki ile ya Sabasaba mji wa Singida ulikuwa na maonyesho matatu ya sanaa, na watu walizunguka yote matatu kama wanazunguka vilabu. Laurian naye alizunguka. Mchana ule tajiri yake Tajdin alifunga godauni la ngozi kwenda kuswali, basi Laurian na Gabrieli, kuli mwenzake, wakatoka hivyohivyo na harufu yao. Kwanza waliingia ukumbini, kwenye picha za kuchora. Kila mkulima kwenye picha alikuwa na mkono mnene kama paja na alikuwa anacheka na jembe. Laurian alilima kijijini kwao Issuna tangu alipoacha shule darasa la tano mpaka alipokimbilia Mandewa hapa mjini, na hakukumbuka kucheka na jembe hata siku moja. Kulikuwa na picha ya kijiji kipya pia, nyumba zimenyooka kwenye mstari, kila mlango una mtoto mnene. Alitamani kuitemea mate, ila mlinzi alikuwa anamwangalia.

Kutoka pale wakaenda barazani kwa Ramesh, mpiga picha, aliyekuwa ametundika maharusi wa miaka kumi yote kwenye ukuta. Wote wameegemea nguzo ileile ya plasta, wote wamekodoa macho kama wamekabwa. Mkewe Damyanti alisimama na kitambaa, akifuta vidole vya watu kwenye vioo na kunung'unika. Gabrieli alisema hapa hakuna kitu, twende uwanjani, kule kuna bibi mzima mzima, si wa picha, anasaga mtama na ukimuuliza anajibu. Laurian alienda anacheka. Alipofika mbele ya kamba na kumwona bibi mwenyewe, akaacha kucheka.

Na kilichomchefua kuliko vyote ni ile ngozi. Wanawake wa kwao zamani walivaa ngozi ya mbuzi iliyokandwa na kulainishwa hadi inakuwa kama kitambaa. Hii ilikuwa ngozi ya biashara, ya ng'ombe, iliyokaushwa kwa chumvi, ngumu kama bati. Kwenye nyonga ya shangazi kulikuwa na muhuri wa rangi nyekundu wa godauni la Tajdin. Laurian aliujua vizuri. Aliugonga yeye.

"Wameandika nini pale?" Felista akamuuliza, akionyesha kwa kidevu kibao kilichosimamishwa kando yake. "Kila anayesoma ananiangalia halafu anarudia kusoma."

Laurian hakutaka kumwambia. Lakini shangazi alikuwa anasubiri, na watu nao walikuwa wanasubiri.

"Wameandika, maisha ya zamani. Mwanamke wa zamani."

Felista akapuliza unga kwenye jiwe. "Sasa uongo uko wapi? Mimi ni wa juzi?"

Watu wakacheka tena. Laurian akaruka kamba.

Alifika mlangoni kwa hasira, akiwa na nia ya kumbeba shangazi yake juujuu kama gunia. Felista hakusimama. Alimshika tu mkono akamvuta chini, akamwambia kwa sauti ndogo, sauti ya nyumbani, aingie ndani aiguse nguzo ile ya kati kabla hajafanya ujinga wowote. Laurian akaigusa. Ilikuwa nyeusi, laini, na mafuta yake hayakuwa haya ya kupakwa juzi. Yalikuwa yameingia ndani ya mti. Pale juu penye panda palikuwa na kovu la moto, ambapo taa ya kibatari iliwahi kuanguka. Akaondoa mkono haraka.

Ilikuwa nguzo ya nyumba ya Felista. Babu yake Laurian aliikata mwenyewe porini siku binti yake anaolewa, kwa sababu kwenye ukoo wao baba hampi binti ng'ombe, anampa nguzo ya kusimamishia nyumba yake. Bwana akifa au akimfukuza, nguzo ni yake. Na kila mwanamke akijifungua huipaka samli kutoka chini mpaka kwenye panda. Felista aliipaka mara tatu. Watoto wote watatu walizikwa nyuma ya ile nyumba, na baadaye mume akawafuata.

Halafu ikaja amri ya kuhamia kijijini. Mgambo walipita Issuna wakivunja mapaa ili watu wasirudi usiku, na miti ya nyumba ikarundikwa barabarani ichukuliwe na atakayetaka. Laurian alikuwa tayari yuko mjini. Habari aliipata kwa watu. Alidhani nguzo ile ilishakuwa kuni.

Kumbe, Felista akamweleza, aliyetaka alikuwa Ndugu Stefano, afisa utamaduni. Alikuwa anatafuta miti ya kweli kwa ajili ya nyumba yake ya maonyesho, akapita na lori, akachagua miti mizuri kwenye marundo. Felista alifuata lori kwa miguu. Alilala njiani kwa watu, akafika mjini, akauliza huku na huku mpaka akaikuta nguzo yake imesimama uwanjani imezungushiwa kamba. Akamwambia afisa, hii ni yangu. Afisa akacheka sana, akasema bibi umeletwa na Mungu, tulikuwa na nyumba hatuna mtu. Akaahidi kwamba akikaa vizuri mpaka siku ya kufunga, miti yote atapewa, na lori la kuirudisha atapewa.

"Na wewe ukamwamini," Laurian akasema.

"Ningefanya nini? Niibebe kichwani?"

Laurian akatoka kwenda kumtafuta afisa. Alimkuta chini ya turubai la wageni, sahani ya nyama ya mbuzi magotini, vidole vinang'aa. Laurian hakuzunguka. Alimwambia kwamba yule ni shangazi yake, ile nguzo si ya serikali wala si ya maonyesho, na ngozi aliyomvika inafaa kufunika choo. Stefano hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomuudhi Laurian zaidi. Alifuta mdomo kwa kiganja, akamwita ndugu, akamsifu kwa kupenda wazee. Akasema ahadi iko palepale. Akasema na yeye kwao walikuwa na tembe, na alilia lilipovunjwa, ila taifa haliwezi kukaa kwenye moshi. Akachukua mfupa mwingine. Alikuwa na mafuta mpaka kwenye saa yake.

Laurian alirudi kwenye ngozi zake. Siku zilizobaki hakukanyaga uwanjani. Lakini mji mdogo hauna siri. Alisikia kwamba bibi sasa ana maneno, anawafundisha wanafunzi kushika jiwe, wake za wakubwa wanamletea sukari. Alisikia kwamba mtu mmoja alimwomba acheze kidogo, na alicheza. Alipoambiwa hilo Laurian alitupa chini bunda la ngozi alilokuwa amebeba, likamkosa Gabrieli mguuni kidogo tu.

"Sasa unanipiga mimi?" Gabrieli akasema. "Mimi ndiye niliyecheza?"

Siku ya kufunga alimwomba Gabrieli waende wote, na kamba. Mpango wake ulikuwa mwepesi: watu wakiondoka, wanavunja tembe, wanapakia miti, wanapanda na shangazi mpaka Issuna, na afisa akileta maneno atajua kuli ni nani. Kweli lori lilikuwepo. Limesimama nyuma ya tembe, na vijana wa afisa walishaanza kushusha udongo wa paa, vumbi limetanda uwanja mzima. Laurian akapumua. Kwa mara ya kwanza akamfikiria Stefano kama mtu.

Stefano akaja anatembea kwa kurukaruka. Akamshika Laurian bega, akamwambia kuna habari nzuri kupita kiasi. Mgeni rasmi ameipenda nyumba. Ameisifu kwenye hotuba, ameingia ndani mwenyewe akiinama, ametoka na masizi kwenye suti na bado anacheka. Ameagiza nyumba nzima iende Dodoma kwenye maonyesho makubwa zaidi, miti yote, jiwe, na bibi. Safari ni leo hii. Chakula cha bibi kipo, pa kulala papo.

"Uliahidi," Laurian akasema.

"Niliahidi baada ya maonyesho. Haya si yameendelea tu, ndugu yangu?"

Laurian akaenda kwenye nguzo ya kati, iliyokuwa imebaki imesimama peke yake kwenye uwazi, akaikumbatia kwa mikono miwili. Akasema atakayeisogelea atamvunja pua. Vijana wa afisa wakaangaliana. Gabrieli akasogea karibu yake na kamba mkononi, hana hakika na anachofanya lakini amesogea. Stefano akaanza kuongea habari za polisi, kwa upole wake uleule.

Felista alikuwa amekaa juu ya jiwe lake, pembeni, amejifunga khanga yake ya kawaida. Akasimama, akajikung'uta vumbi.

"Ndugu afisa," akasema. "Huko Dodoma mtajenga tena hivi, mlango umetazama upepo?"

Stefano akasema hajaelewa.

"Hapa umeuelekeza barabarani ili watu waone. Upepo wote wa mchana unaingia, moshi unarudi ndani, nimekohoa wiki nzima. Mlango wa tembe unaugeuzia upepo mgongo. Kule nitawaonyesha mimi pa kuuweka. Mkikubali hivyo, nakuja."

Afisa akasema amekubali, hata madirisha akitaka. Laurian aliendelea kuishika nguzo.

"Shangazi. Unakwenda kukalishwa kama nyani."

"Kaa chini, baba, tuongee."

"Sikai."

"Basi simama. Wewe hujafika kule kijijini walikoniweka. Wamenipa kiwanja cha mwisho kwenye mstari, na nyumba ni ya matofali ya ramani yao, haina nguzo ya kati. Nikiirudisha hii nitaiweka wapi? Nitailaza nje iliwe na mvua. Ikienda na lori hili, itasimama."

"Isimame kwa ajili ya wajinga wanaotafuna miwa."

"Wajinga wananisalimia," Felista akasema. "Tangu mume wangu afe, nani aliingia kwangu akauliza huu mtama unasagwaje? Wewe uliingia?"

Laurian hakuwa ameingia. Alikuwa na jibu, kwamba alikuwa anatafuta maisha, lakini lilinuka hata kabla hajalitoa. Akawaangalia wote: afisa na saa yake, vijana waliokuwa wanacheka chinichini, shangazi yake na nywele zilizochanwa kwa ajili ya wageni, macho yake makavu, yamechangamka, macho ya mtu anayesafiri. Hakuona hata mmoja wa kumwonea huruma. Hapo ndipo alipochukia kabisa, kwa sababu alikuwa amekuja na huruma nyingi na hakuna aliyeihitaji.

"Hawa hawajui kubeba," Felista akamwambia, akionyesha vijana. "Wataivunja panda. Ipakie wewe."

Aliipakia yeye. Aliichimbua taratibu, akaiweka begani, nzito kuliko ngozi zote alizowahi kubeba, Gabrieli akashika mkia. Wakailaza katikati ya lori, wakaitilia nyasi chini, Laurian akaifunga kamba kwa fundo la makuli ambalo halifunguki kwa mashimo ya barabara ya Manyoni wala kwa kitu kingine. Felista akapandishwa, akakaa kando yake, akaweka mkono juu ya panda. Akamwambia Laurian aje Dodoma siku moja, ataingia bure, atasema ni mwanawe.

"Siji kuangalia," Laurian akasema.

"Njoo basi uangaliwe."

Stefano akamnyooshea mkono wa kuagana, mkono laini, safi siku hiyo. Laurian akauangalia mkono ule mpaka mwenyewe akaurudisha mfukoni. Akatema mate chini, pale palipokuwa na kamba ya watazamaji, akamwambia Gabrieli warudi kwenye ngozi kabla Tajdin hajafungua godauni baada ya swala. Injini ikawaka. Felista alikuwa tayari anamwuliza dereva upepo wa Dodoma unatoka upande gani. Laurian akageuza mgongo, akaondoka.